Kifungu cha Saba

Siku mbili tulizozana juu ya maneno matatu:
"kwa wakati unaofaa."
Hoteli ya Guwahati, ghorofa ya nne, kiyoyozi kikidondosha maji
kwenye ndoo ambayo hakuna aliyeitaja.
Wa juu walitaka neno lisilowafunga.
Wa chini walitaka saa, dakika na jina la mtu.
Mimi, karani wa rasimu, nilihamisha koma mara kumi na moja,
nikala samaki wa haradali,
nikalala usingizi wa mlipwa posho.

Wakati unaofaa ni saa nane na dakika ishirini usiku,
mwezi wa Julai, upande wa Bhutani, chini ya daraja la chuma.
Sangay Lhaden amevua viatu
ili alihisi jiwe kabla ya kulikanyaga.
Kazi yake ni kusoma nguzo ya rangi nyeupe na nyekundu,
kupiga simu, kutaja tarakimu, kulala.

Kilomita thelathini na tatu chini, upande wa Asamu,
yupo Ansuma Narzary, mfumaji wa hariri.
Simu yake ina kioo kilichopasuka
na hulala chini ya mto.
Mto wa pamba. Ule mwingine haulali.

Hawajawahi kuonana.
Kihindi chao ni cha sokoni, cha kuuzia machungwa:
Sangay anajua kuhesabu, Ansuma anajua kuitikia.
"Mbili na nusu." "Haya."
"Tatu kasoro." "Haya, dada."
Misimu minne ya masika, urafiki wa tarakimu.

Usiku ule nguzo haikuwepo.
Haikuzama. Iling'oka, ikaenda zake,
na pale iliposimama kikawa kitu cheusi
kinachokimbia na magogo mdomoni.
Akapiga. Ansuma akauliza: "Ngapi?"
Ngapi.
Sangay akatafuta neno la kitu kisicho na kipimo,
akalikosa katika Kihindi cha machungwa.
Basi akanyoosha mkono gizani
akaushikisha mto simu.

Nimeiona risiti: sekunde tisa.

Ansuma hakuuliza tena.
Alitungua ringi ya baiskeli iliyoning'inia kwenye mpopoo,
akaigonga kwa mtaimbo mpaka mkono ukafa ganzi.
Wakatoka wenye nguruwe, wenye watoto,
na bibi mmoja aliyekataa kuacha mtambo wake wa kufumia,
ikabidi wabebwe wote wawili.
Wakapanda tuta la reli.
Rabiram Daimary alirudi kumfungua nyati.
Nyati alionekana Alhamisi, mzima,
kamba imekatwa kwa kisu.

Kule juu Sangay alikaa na simu mapajani.
Alfajiri. Saa mbili. Saa nne. Mnara ulikuwa umeanguka.
Saa saba ikalia, na sasa mwenye tarakimu ni Ansuma:
"Mia mbili na kumi na moja."
Kisha kimya.
"Kasoro mmoja."
"Haya," akasema Sangay. "Haya, dada."
Hakuwa na jingine.

Desemba, lori la machungwa lilipopanda tupu milimani,
dereva alileta kifurushi: skafu ya kijani na manjano,
ncha zake zimefumwa kwa subira ya mtu asiyepata usingizi.
Sangay hakuivaa. Aliifunga kwenye nguzo mpya,
juu ya tarakimu ya mwisho, pasipo na rangi.
Mkaguzi wa wizara aliandika: kitambaa, kiondolewe.
Hakijaondolewa.

Mwaka huu tunakutana tena. Hoteli nyingine, ndoo ileile.
Nina pendekezo kuhusu kifungu cha saba:
waheshimiwa wafunge mafaili, wazime vipaza sauti,
wakae kimya sekunde tisa,
kisha waniambie neno la kuandika.
Watasema hiyo si lugha ya mikataba. Najua.
Nimeleta saa.
Jina la Rabiram nimeliandika pambizoni, kwa penseli,
mahali karani anaporuhusiwa.